Namtunza mama mkwe kwa moyo mzito: je, mimi ni mnafiki?

Tumsifu Yesu Kristo, Mama.

Nimeisoma safu yako muda mrefu bila kudhani kwamba nami ningekuja kuandika. Nisamehe barua ikiwa ndefu.

Mimi ni mke na mama wa watoto wawili. Tangu mama mkwe wangu apatwe na kiharusi tunaishi naye hapa nyumbani. Upande wake wa kulia hauna nguvu, kwa hiyo kumwogesha, kumvika, kumlisha na kumgeuza usiku ili asipate vidonda ni kazi yangu. Mume wangu hutoka alfajiri na kurudi usiku. Wifi zangu wawili huja mara mojamoja. Wanamshika mama yao mkono, wanalia, wananishukuru, wanaondoka.

Ujue pia kwamba huyu mama hakunipenda. Nilipochelewa kupata mtoto alimwambia mwanawe, nami nipo, kwamba atafute mwanamke mwingine. Hajawahi kuniomba radhi, na kiharusi hakikumpunguza ulimi. Maji yakiwa ya moto, namuunguza. Yakiwa ya vuguvugu, nataka afe kwa baridi. Nikichelewa kidogo anapoita, ananiambia binti zake wangekuwepo asingeteseka hivi.

Mimi sijibu, na hilo ndilo watu wanaloliona. Akina mama wa parokia wananiita mfano wa kuigwa. Mmoja alisema nina fadhila ya uvumilivu kama watakatifu. Laiti angeujua moyo wangu! Ninapomwogesha kinywa nimekifunga, lakini ndani nakumbuka neno moja baada ya jingine, yote aliyowahi kunitamkia. Nikimaliza, hasira niliyoimeza inawaangukia wanangu kwa jambo lisilo na maana. Nimewahi kutamani Mungu amchukue, halafu nikaogopa. Na juzi usiku nilimgeuza kwa nguvu kupita ilivyohitajika. Akanitazama. Hakusema kitu, yeye asiyekosa la kusema. Tangu hapo usingizi umenipaa.

Mambo yalizidi nilipokwenda kwenye mafungo ya parokia. Mhubiri alisema tendo jema lisilotoka katika moyo wa furaha ni unafiki, na Mungu halipokei. Nikaona ananisema mimi. Mdogo wangu, ambaye ameokoka na anasali kwingine, ananiambia kosa letu Wakatoliki ni kuhangaika na fadhila kana kwamba mtu anaweza kujitengenezea utakatifu. Anasema niache kujikaza, nimwachie Yesu, na moyo ukibadilika nitatenda bila kusukumwa. Tena yuko jirani yangu asiye na dini yoyote, na halifichi hilo. Akija kumjulia hali mama mkwe, anacheka naye, anamchana nywele, anamsikiliza, yote kwa wepesi ambao mimi sijawahi kuwa nao hata siku moja. Kama asiyemwamini Mungu anaweza kuwa mwema hivyo bila jasho, ubatizo wangu umeniongezea nini?

Naomba uniambie bila kunipamba. Je, mimi ni mnafiki? Niendelee hivi, au niache mpaka moyo wangu uwe tayari? Na fadhila ina thamani gani kama moyo haumo?

Mkaza Mwana Aliyechoka

JIBU

Milele amina, binti yangu.

Nitaanza na neno linalokuumiza kuliko yote. Wewe si mnafiki. Katika sura ya 6 ya Mathayo, Bwana wetu anawaeleza wanafiki ni watu gani: wanatoa sadaka wakipiga panda mbele yao, wanasali wamesimama kwenye pembe za njia, ili watazamwe. Mnafiki anayatafuta macho ya watu, na macho hayo yakiondoka, tendo nalo linakoma. Wewe unaamka usiku wa manane kumgeuza mgonjwa ambaye hakushukuru jana na hatakushukuru kesho, katika chumba ambacho hamna mwingine wa kukuona. Nani unayemwigizia saa hiyo? Akina mama wa parokia wamelala. Tena sifa wanazokupa zinakuchoma badala ya kukufurahisha. Mnafiki hachomwi na sifa.

Yesu alisimulia habari za baba mwenye wana wawili, akawaambia kila mmoja aende kufanya kazi katika shamba la mizabibu. Mmoja alijibu vizuri, kwa heshima, akasema anakwenda, asiende. Mwingine alisema wazi kwamba hataki, kisha akajirudi, akaenda. Yesu akauliza ni yupi aliyefanya mapenzi ya baba yake. Wasikilizaji wake hawakusita hata kidogo. Angalia kwamba Injili haituambii kama yule mwana alifika shambani akiimba. Inatuambia kwamba alikwenda.

Hata hivyo, usimtupe mhubiri wako jumla. Amegusa jambo la kweli, ila amelisema kwa namna inayoweza kumvunja mtu aliyechoka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1803, inaieleza fadhila kuwa mwelekeo wa kudumu na thabiti wa kutenda mema, na inaongeza kwamba mtu mwenye fadhila anayaelekea mema kwa nguvu zake zote, za hisi na za roho. Namba inayofuata inataja matunda yake: wepesi, kujitawala, na furaha katika kuishi vema. Basi furaha imo. Hata kabla ya Ukristo, Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, alikwisha kumtofautisha mtu anayetenda mema huku akishindana na moyo wake, na mtu ambaye moyo wake wenyewe umekuja kuyapenda mema. Wa kwanza anajizuia. Wa pili ana fadhila iliyokomaa.

Wewe kwa sasa ni yule wa kwanza. Sikufichi, maana umeniomba nisikupambe. Akina mama wanaposema umekwisha kufika, wamekosea. Lakini mhubiri anapoliweka tendo lako fungu moja na unafiki, naye amekosea, kwa sababu anataka matunda siku ya kupanda. Katekisimu hiyohiyo, namba 1810, inafundisha kwamba fadhila za kiutu zinapatikana kwa malezi, kwa matendo ya makusudi na kwa udumifu unaoanza upya kila mara, na kwamba neema ya Mungu inazitakasa na kuziinua. Matendo ya makusudi ndiyo haya unayoyatenda. Hayo ndiyo yanayoufundisha moyo, nao unachelewa kufuata kuliko mikono.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwanateolojia aliyekufa mwaka 1274, alijiuliza swali linalofanana sana na lako: inakuwaje mtu mwenye neema na mapendo bado anaona ugumu kutenda mema? Jibu lake limewafariji wengi, na ningependa likufariji nawe. Anasema Mungu anaweza kuwa amekwisha kummiminia mtu fadhila, lakini ndani yake yamebaki mazoea na mielekeo ya zamani inayovuta upande mwingine. Kwa hiyo anatenda kwa taabu na bila raha, ingawa fadhila imo kweli. Kwako wewe, mielekeo hiyo ina historia. Mwanamke huyu alitaka ufukuzwe katika ndoa yako. Jeraha hilo halikufutika siku alipougua. Ingekuwa ajabu kama mkono wako ungemshika bila moyo kukumbuka. Ugumu unaouona, basi, haunithibitishii kwamba hakuna mapendo ndani yako. Unanionyesha tu mahali mapendo yanapofanya kazi, na kazi hapo ni ngumu.

Yupo mtakatifu ambaye ningependa umfahamu kwa upande huu. Teresia wa Lisieux aliishi katika monasteri ya Wakarmeli huko Ufaransa, akafa mwaka 1897 akiwa na miaka 24, na mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II akamtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Watu wanamchora na maua na tabasamu, wakidhani alizaliwa mpole. Yeye mwenyewe ameandika kwamba katika monasteri alikuwemo sista aliyemchukiza kwa kila kitu, kuanzia namna yake hadi maneno yake. Teresia aliamua kumtendea kama ambavyo angemtendea mtu anayempenda kuliko wote. Alimwombea kila alipokutana naye, akamsaidia kila alipoweza, na akijiona anataka kumjibu vibaya, alimpa tabasamu. Siku moja yule sista akamuuliza ni nini kinachomvutia hivyo kwake. Yule sista hakujua kwamba Teresia alikuwa akishindana na moyo wake. Je, tutamwita Teresia mnafiki kwa sababu uso wake ulitabasamu na hisia zake zilikataa? Kanisa limemwona kuwa mwalimu.

Katika habari hiyohiyo yamo maneno ambayo wengi wanayaruka. Teresia anasema kwamba vita ikimzidia alikimbia, kama askari anayetoroka. Aliondoka tu mahali pale. Lishike hilo, nitalirudia.

Sasa jirani yako. Mshukuru Mungu kwa ajili yake, na usijilinganishe naye. Yeye hakutukanwa na mama huyu, wala haamshwi usiku. Anakuja akiwa amepumzika na anaondoka anapotaka. Huenda pia amezaliwa na moyo mwepesi, na hilo ni zuri, kwani wema wowote chanzo chake ni Mungu, hata kwa asiyemkiri. Lakini upole wa kuzaliwa nao haujawa bado fadhila kamili. Thoma anasema mwelekeo mzuri wa asili, usipoongozwa na busara, ni kama farasi kipofu: kadiri anavyokimbia kwa kasi ndivyo anavyojigonga na kuumia zaidi. Mtu mpole kwa asili anaweza kuwa mpole hata pale anapopaswa kukataa, na akaleta madhara. Simsemi jirani yako hapa, maana simjui. Ninachotaka ni uache kudhani kwamba wepesi ndio kipimo cha wema.

Umeuliza ubatizo umekuongezea nini. Umekuongezea imani, matumaini na mapendo, zile fadhila tatu za Kimungu ambazo hakuna anayejipatia kwa mazoezi, na ambazo zinakuwezesha kufanya jambo ambalo tabia nzuri peke yake hailifikii. Yesu aliuliza, tukiwapenda wanaotupenda tu, tunapata thawabu gani? Hata watoza ushuru walifanya hivyo. Kumtakia mema mtu aliyekutakia mabaya, na kumtakia hivyo kwa ajili ya Mungu aliyekupenda kabla hujastahili, hilo ndilo ongezeko. Wewe umekwisha kulianza kwa mikono yako. Na mapendo, katika mafundisho ya Kanisa, yamo katika utashi kabla ya kuwa katika hisia: ni kutaka mema ya mtu. Swali unalopaswa kujiuliza ukiwa na beseni mkononi ni kama unataka huyu mama apate nafuu, awe safi, asiwe na vidonda, afe katika amani ya Mungu siku yake ikifika. Ukiweza kujibu ndiyo, hata kwa meno yaliyofungwa, mapendo yapo.

Kwa mdogo wako ninataka kuwa mwangalifu, kwa sababu anakupenda, na analolisema lina mizizi mirefu. Mwezi Septemba mwaka 1517, Martin Luther alitoa hoja dhidi ya mafundisho ya vyuo vya wakati wake, na moja kati ya hizo ilisema kwamba hatufanyiki wenye haki kwa kutenda matendo ya haki, bali tukishafanywa wenye haki ndipo tunatenda yaliyo ya haki. Aliogopa mtu asije akajiona ameumba wokovu wake kwa mikono yake. Hofu hiyo ni ya Kikristo, na Kanisa Katoliki nalo linakataa mtu kujiokoa. Mwaka 1999 huko Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi Tamko la Pamoja linalokiri kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu, na kwamba tunapewa Roho Mtakatifu anayefanya upya mioyo yetu, akituwezesha na kutuita kutenda mema.

Mwambie mdogo wako kwamba mnakubaliana hapo. Mnapoachana ni pale anaposema uache mpaka moyo ubadilike. Maandiko hayasemi hivyo. Paulo anawaambia Wafilipi wautimize wokovu wao kwa kuogopa na kutetemeka, na sababu anayowapa ni kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yao, kutaka kwao na kutenda kwao. Kwa Paulo, kazi ya Mungu ndani yetu ndiyo inayotufanya tujitahidi. Petro naye, baada ya kukumbusha kwamba uweza wa Mungu umetukirimia vyote, anaendelea palepale: “mkijitahidi sana kwa upande wenu, katika imani yenu tieni na wema, na katika wema wenu maarifa.” Anaendelea kutaja kiasi, saburi, utauwa na upendano wa ndugu, mpaka anafika kwenye upendo. Ni safari, na mwisho wake ni upendo. Ukisubiri uwe na upendo ndipo uanze saburi, utakuwa umeigeuza safari ya Petro kichwa chini. Halafu, tuseme ukweli, mgonjwa atabaki bila kuogeshwa mpaka lini?

Kwa hiyo usiache. Lakini pia usiendelee hivihivi, na hapa ndipo nina neno zito zaidi kwako kuliko yote niliyokwisha kusema.

Wewe, parokia yako, na pengine mume wako, mmeuita uvumilivu kitu ambacho nusu yake ni uvumilivu na nusu yake ni kunyamaza. Hamkuzitofautisha. Thoma anaiweka kazi ya uvumilivu mahali pamoja mahususi: kuilinda akili na utashi visizidiwe na huzuni inayoletwa na mabaya yanayotupata. Mvumilivu ni yule ambaye uchungu haumtoi katika lililo jema. Kutojibu kunaweza kuwa sehemu ya hilo, na kunaweza kuwa njia ya kuuhifadhi uchungu usiharibike. Hesabu unayoifanya wakati wa kumwogesha ni ghala. Na Thoma huyohuyo anaandika kwamba haipingani na uvumilivu mtu kumkabili anayemtendea mabaya, inapobidi. Hakuna mahali Kanisa limekufundisha kwamba ukiwa mvumilivu huruhusiwi kusema, “Mama, neno hilo linaniumiza.”

Fadhila haziishi mojamoja. Tangu zamani Kanisa limefundisha kwamba nne zinazibeba nyingine: busara, haki, nguvu na kiasi, Kitabu cha Hekima, sura ya 8, kinazitaja zote nne. Uvumilivu uko chini ya nguvu. Wewe umeshikilia nguvu kwa mikono miwili, umeacha busara na haki zikae nje. Haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Mama huyu amezaa watoto watatu. Amri ya Mungu ya kuwaheshimu baba na mama inawadai mume wako na wifi zako kabla ya kukudai wewe. Hao watatu wamekuachia deni lao, wewe umelilipa kimya, na watu wamekupongeza kwa jinsi unavyolilipa. Sehemu ya kile unachokiita chuki kwa mama mkwe, naona kwamba ni malalamiko ya haki dhidi ya mume wako, malalamiko ambayo hayajawahi kupewa nafasi ya kusemwa, kwa hiyo yanatafuta mahali pa kutokea. Yanatokea kwa mgonjwa na kwa watoto, kwa sababu hao ndio wasioweza kujitetea.

Unamkumbuka kaka mkubwa wa mwana mpotevu. Alikaa nyumbani, akafanya kazi yote, na siku ya karamu akalipuka: “Tazama, mimi nimekutumikia miaka mingapi hii, wala sijakosa amri yako wakati wowote, lakini hujanipa mimi mwana-mbuzi.” Miaka yote hiyo alikuwa akihesabu. Baba hakumfukuza wala hakumwita mnafiki. Alitoka nje, akamsihi, akamwita mwanangu, akamwambia, “vyote nilivyo navyo ni vyako.” Nikiisoma sehemu hiyo huwa najiuliza kama yule kijana aliwahi hata siku moja kumwendea baba yake na kumwambia amechoka na anataka siku ya kufurahi na rafiki zake. Simulizi halituonyeshi akiomba. Linatuonyesha akidai, baada ya moyo kugeuka mchungu.

Basi, zungumza na mume wako wiki hii. Usimzungumzie akiwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni, wala usianze na tabia ya mama yake, maana atamtetea, na mtaishia kubishana juu ya mama badala ya kazi. Anza na usiku. Mwambie: “Mume wangu, siwezi tena kuamka peke yangu kila usiku. Nimefika mahali naogopa mikono yangu.” Mweleze lililotokea juzi kama ulivyonieleza mimi. Kisha ombeni wifi zako waje, si kwa ajili ya machozi, bali mkae mkubaliane nani anakuja lini, nani analala na mama usiku gani, na kama hawawezi kuja, nani atamlipa mtu wa kusaidia. Wanaweza kukasirika. Wewe hukuwanyang'anya kitu.

Kuhusu usiku ule sitaupunguza uzito. Mengine yote uliyoniandikia ni mapambano: kuchukizwa, kukumbuka maneno ya zamani, hata lile tamanio lililopita ukaogopa, maana wazo ambalo mtu analikataa mara anapolitambua halijawa lake. Lakini kumgeuza mgonjwa kwa ukali ni tendo, nalo lilimwangukia mtu asiyeweza kujisogeza. Nenda kwenye kitubio, uliungame kwa maneno mepesi bila kulizungushia sababu. Kabla ya hapo au baada, mwombe mama mkwe radhi. Najua unachofikiri: yeye hajawahi kuniomba mimi. Ni kweli. Hata hivyo lililo lako ni lako. Sema tu, “Mama, juzi usiku nilikugeuza vibaya. Nisamehe.” Usingoje jibu zuri, na usiliunganishe na yale ya zamani, hayo yatakuwa na siku yake, au yasiwe nayo. Sikuahidi kwamba atabadilika. Ninachojua ni kwamba ulipomwona anakutazama uliona mtu, na tangu hapo hulali. Dhamiri yako iko hai, binti yangu. Mshukuru Mungu kwa hilo.

Na sasa nirudi kwa Teresia na kukimbia kwake. Ukiona mikono imeanza kuwa mizito na maneno ya zamani yanapanda, mfunike mama vizuri, hakikisha yuko salama, toka nje ya chumba. Kaa huko mpaka pumzi itulie. Kama kuna mtu mwingine ndani ya nyumba, mwite amalizie. Hiyo ni busara, na busara ni fadhila sawa na uvumilivu, tena ndiyo inayoziongoza nyingine. Siku ambayo huwezi kusali kwa maneno mengi, mtajie Mungu jina la mama mkwe mara moja unapomfunga vifungo, useme “Bwana, mhurumie, unihurumie.” Ukikuta umeanza kuhesabu tena, usijigombeze. Fransisko wa Sales, askofu aliyesifika kwa upole, alifundisha kwamba upole huo mtu anapaswa kuuelekeza hata kwa moyo wake mwenyewe anapoanguka, kwa sababu kujikasirikia kwa ukali ni kuongeza hasira juu ya hasira.

Watoto wako hujaniuliza juu yao, ila umewataja, nami siwezi kuwapita. Mtakatifu Agustino aliandika kwamba fadhila ni upendo uliokaa katika utaratibu wake. Upendo wako umekosa utaratibu mahali hapa: saburi yote inaishia chumba cha mgonjwa, na wanao wanapata makapi. Kukiwa na usiku ambao wifi yako amelala na mama, usiutumie kufua. Kaa na watoto. Waambie pia kwamba ulipowafokea kosa halikuwa lao. Wana umri wa kuelewa au hawana, wataelewa sauti yako. Na mwili wako nao una haki ya kulala.

Mhubiri alisema habari za furaha, nami naamini itakuja, ingawa sijui kwa namna gani wala lini. Kwa wengine inaanza kama utulivu tu: siku moja unagundua umemaliza kumwogesha na hukuhesabu. Usiitafute kwa kujipima kila jioni. Iombe, halafu endelea na kilichoko mbele yako.

Ukishazungumza na mume wako, niandikie alivyolipokea. Asipokusikia, mwendee paroko, umwombe akae nanyi wawili, na ikibidi na wifi zako. Mwonyeshe barua hii kama itasaidia.